Sheria Ndogo ni Ghala: Somo kwa Kamati za Sharika juu ya Maafa na Tabianchi

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 41:33-36, Mwanzo 47:13-26, Kumbukumbu la Torati 22:8



Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, ofisi yetu ya miradi hupokea barua za aina moja. Usharika fulani umeezuliwa paa na upepo. Kijiji fulani mvua zilianza vizuri zikakatika mahindi yakiwa yanachanua. Kwingine mto umekata njia na wagonjwa hawafiki zahanati. Barua hizo huishia na ombi: magunia ya mahindi, mabati, maturubai. Nasi huwaandikia wahisani, na Mungu anapojalia, msaada hufika. Mara nyingi hufika mwezi wa tano, wakati mvua imeshakoma.

Hatusemi kwamba kazi hiyo ni mbaya. Mwenye njaa hulishwa kwanza. Lakini tumetazama mafaili yetu na kuona kwamba vijiji vinavyoomba ni vilevile, na maafa ni yaleyale. Somo la robo hii linauliza swali ambalo hatukuliuliza mapema: Je, kijiji kina utaratibu gani wake chenyewe, uliokubaliwa na kuandikwa, kabla ya maafa kuja? Kwa maneno mengine, tunajifunza juu ya sheria. Tunaomba msiogope neno hilo. Mtaona kwamba sehemu kubwa ya sheria hiyo hutungwa chini ya mwembe, na watu mnaowafahamu.

1. Njia ya misafara ilitufundisha nini

Sisi wa Tabora tunaishi juu ya njia ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikaingia Tura na kufika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Katika historia tunakumbuka zaidi pembe za ndovu, watumwa, na wageni kama Livingstone na Stanley waliokaa Kwihara mwaka 1872. Lakini kwa wapagazi wa Kinyamwezi, jambo la kwanza lilikuwa maji. Mgunda Mkali uliogopwa kwa sababu visima vyake vilikuwa vichache na hukauka. Wapagazi wengi walipanga safari zao wakati wa kiangazi ili warudi kulima mvua zinapoanza. Huko Ugogo, msafara haukuteka maji bila kulipa hongo kwa mtemi wa mahali pale. Maji yalikuwa na mwenyewe na utaratibu unaojulikana.

Tusiupambe utaratibu huo. Ulimnufaisha mwenye nguvu, na mtumwa aliyefungwa mnyororo hakuulizwa kitu. Tena ulivunjika kirahisi. Mwaka 1871 vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia, na biashara ya nchi nzima ya magharibi ikayumba. Hata hivyo, jambo moja linabaki: watu walioishi katika nchi kavu hawakungoja kiu iwapate ndipo waanze kukubaliana nani atateka wapi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, nayo ilifuata kwa sehemu kubwa njia ileile. Mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko ya Kilosa yalichukua sehemu za reli hiyo, na treni za kuja kwetu zikakatika kwa miezi kadhaa. Mvua ilinyesha mbali sana na Tabora, lakini mfanyabiashara wetu wa Isevya na msafiri wa Urambo waliumia. Maafa hayafuati mipaka ya mkoa. Kwa hiyo utaratibu wa kuyakabili hauwezi kuwa wa kijiji peke yake, wala wa serikali kuu peke yake.

2. Ukingo wa dari

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo iliupiga Mwakata, wilayani Kahama, jirani zetu wa upande wa Nzega. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wengi wao waliangukiwa na kuta za nyumba za udongo wakiwa wamelala.

Turudi sasa kwenye Kumbukumbu la Torati 22:8. Musa anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushie dari ukingo, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare ambayo watu walipanda juu yake, si tofauti sana na tembe za wazee wetu. Tuangalie mambo mawili. Kwanza, agizo limetolewa kabla ya mtu yeyote kuanguka. Pili, Musa hasemi kwamba kuanguka ni mapenzi ya Mungu na kwamba tuombe tu. Anasema mwenye nyumba atahesabiwa.

Sisi hutamka haraka mno kwamba maafa ni kazi ya Mungu. Mvua ya mawe hatuwezi kuizuia. Lakini ukuta wa tofali mbichi usio na msingi wa mawe, nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa maji, na kilima kilichokatwa miti yote, hayo ni kazi ya mikono yetu.

3. Sheria za nchi zinasemaje

Sheria ya kwanza ya nchi yetu juu ya jambo hili ilitungwa mwaka 1990, nayo iliitwa Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa. Jina lenyewe linaonyesha mawazo ya wakati ule: maafa yatokee, kisha tugawe misaada. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Maafa, na mwaka 2022 Bunge likatunga nyingine yenye jina hilohilo, Sheria Na. 6 ya 2022, iliyofuta ile ya 2015. Kutoka "misaada" hadi "usimamizi" ni safari ya miaka 25, na maana yake ni kwamba serikali inatakiwa kuzuia, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali, siyo kugawa unga tu.

Sheria ya sasa inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa. Ndugu wanakamati, someni tena mstari huo. Kijiji chenu kinatakiwa kuwa na kamati ya maafa. Je, mnawajua wajumbe wake? Tulipouliza swali hili katika semina zetu, jibu la kawaida lilikuwa kimya, kisha mtu mmoja kusema, "Labda mtendaji anajua."

Zipo sheria nyingine zinazogusa jambo hili:

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Rasimu hujadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake wenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa.

Hivyo basi, sheria zipo. Zinapungukiwa na watu wa kuzitumia, na hapo ndipo usharika unapoingia.

4. Kosa letu wenyewe

Ni vema tuseme ukweli mbele ya wahisani wetu. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kuchimba lambo katika kijiji kimoja cha mashariki ya mkoa, kwenye uwanda ambako maji ya kiangazi ni shida. Wahisani walitoa fedha za mashine, wananchi walitoa mchanga, mawe na nguvu zao. Siku ya uzinduzi kwaya ziliimba hadi jioni. Kiangazi cha tatu lambo lilikuwa tope.

Katika taarifa yetu tuliandika kwamba lambo lilikauka kwa sababu ya ukame. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Mvua kweli zilipungua. Lakini pia ng'ombe waliingia kunywa moja kwa moja na kubomoa kingo. Mashamba yalilimwa hadi ukingoni, na kila mvua ilishusha udongo ndani. Tulikuwa na mchoro wa lambo, bajeti ya lambo na picha za lambo. Hatukuwa na karatasi hata moja inayosema nani anakataza nini. Mama mmoja mzee alitueleza kwa maneno machache: "Lambo hili halina mwenyewe."

Tulirudi. Safari hii hatukuleta mashine. Tulikaa na Halmashauri ya Kijiji, tukasaidia kuandika rasimu, tukaomba Mkutano Mkuu uitishwe. Mkutano wa kwanza akidi haikutimia. Wa pili ulivunjika kwa ugomvi kati ya wafugaji na wakulima. Wa tatu ulikubali: mpaka wa mita 60 upandwe minyaa, mifugo inywe kwenye birika nje ya ukingo, na atakayevunja alipe faini kwa stakabadhi. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja hadi sheria ndogo hiyo kurudi kutoka wilayani ikiwa imeidhinishwa.

Mtu wa kwanza kukamatwa alikuwa mzee wa usharika wetu. Wapo waliotuomba tumwombee msamaha kwa mwenyekiti. Hatukufanya hivyo, na yeye mwenyewe, baada ya siku kadhaa za hasira, alilipa. Tunaamini sheria ile ilianza kuishi siku hiyo.

Lakini somo halikuishia hapo. Ndani ya zile mita 60 kulikuwa na bustani ya mjane mmoja, na hakuwa na shamba jingine. Sheria iliyolinda maji ya kijiji ilimnyang'anya chakula. Ilichukua msimu mzima kubishana hadi kijiji kilipompa kipande kingine, tena cha mbali zaidi. Lambo lenyewe halijarudia kina chake cha kwanza. Linahifadhi maji kwa muda mrefu kuliko mwanzo, na hilo tunamshukuru Mungu.

5. Mifano ya nyumbani

Msifikiri kwamba haya ni mambo ya kigeni. Wasukuma na Wanyamwezi wamekuwa na ngitili tangu zamani, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili litumike kiangazi. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji miaka ya 1970, wengi waliacha ngitili zao nyuma na utaratibu ukavunjika. Kuanzia 1986 hadi 2004 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulifanya kazi ya kuurudisha. Wataalamu waliacha wananchi wafufue mikutano yao ya jadi, dagashida, kuamua mipaka na adhabu, na vijiji vikaongeza sheria ndogo. Hekta zaidi ya 300,000 zilirudi kuwa ngitili. Nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikapata tena kuni, nyasi na dawa za miti.

Mfano wa pili unatuonya. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwetu na Usukumani, kupambana na wezi wa ng'ombe. Waliweza pale ambapo polisi walikuwa mbali, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini mahali pengine walipiga watu na kuwafukuza wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Utaratibu wa wananchi usio na maandishi, stakabadhi na mahali pa kukata rufaa unaweza kugeuka kuwa maafa mengine.

Kwetu Tabora mtihani mkubwa uko msituni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa kuni, na Urambo, Kaliua na Sikonge zinajua kuni hizo zinatoka wapi. Mkaa nao unaondoka kila siku kwa baiskeli na malori. Tumbaku imesomesha watoto wengi, wakiwemo baadhi yetu. Ndiyo maana kijiji hakiwezi kuokoa miombo kwa mahubiri tu. Kinahitaji mpango wa matumizi ya ardhi, msitu wa kijiji wenye mipaka, na makubaliano na chama cha msingi juu ya kupanda miti ya kuni.

6. Ghala na ufunguo wake

Yusufu alishauri sehemu moja ya tano ya mavuno ihifadhiwe katika miaka saba ya neema. Watu waliokolewa. Mwishoni, Mwanzo 47:26, sehemu ya tano ikawa sheria ya nchi ya Misri. Lakini someni mistari inayotangulia. Wananchi waliuza fedha, mifugo, mashamba, na mwisho wao wenyewe kwa Farao, ili wapate nafaka waliyoilima. Ghala liliokoa maisha, na mwenye ufunguo akawa mwenye kila kitu.

Basi tunapotunga sheria ndogo ya ghala la kijiji, ya lambo au ya msitu, tuulize mapema: Ufunguo uko kwa nani? Faini inaingia wapi? Mjane, mwenye ulemavu na mhamiaji asiye na shamba wamesikilizwa?

7. Hatua za kufanya katika usharika

Kwanza, nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa mkaulize kama kamati ya maafa ipo, wajumbe ni nani, na ilikutana lini. Kama haipo, ombeni iundwe.

Pili, wakalisheni wazee na akina mama, mwandike maafa mnayokumbuka: mwaka, mwezi, eneo, nani aliumia. Chapeni nakala mbili, moja ipelekwe ofisi ya kijiji.

Tatu, chagueni jambo moja tu. Kijiji kinachotunga sheria kumi kwa siku moja hakitasimamia hata moja.

Nne, hudhurieni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hakikisheni muhtasari umeandikwa na kusainiwa, kisha fuatilieni rasimu katani na wilayani. Karatasi nyingi hufia kwenye meza.

Tano, kijiji kiweke fungu katika bajeti yake, hata likiwa dogo.

Sita, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mvua zetu za msimu, Novemba hadi Aprili, usomwe kwenye matangazo ya ibada. Kubalianeni pia kengele ya usharika igongwe vipi wakati wa hatari, na nani aigonge.

Saba, fanyeni haya pamoja na Wamoravian, Wakatoliki, Waislamu na wasio na dini. Maji ya lambo hayana dhehebu. Na wakati wa uchaguzi, jihadharini kamati isigeuzwe jukwaa la mtu.

8. Neno kwa wahisani

Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walianza kuishi Ulyankulu, katika mkoa wetu, na shirika la Kilutheri la TCRS lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ilibidi wahamishiwe Mishamo, kwa kuwa ardhi na maji ya Ulyankulu havikutosha kwa idadi ile. Huruma ilikuwepo. Kilichohitajika pia ni kupima mapema na kupanga.

Hivyo msishangae mkiona katika maombi yetu mapya fedha za mikutano, nauli ya kufuatilia rasimu wilayani, kuchapa sheria ndogo, na semina kwa watendaji na wajumbe. Tunajua haya hayapendezi kwenye picha kama mama aliyebeba gunia. Hatutaacha kuomba mahindi njaa ikija. Lakini tunaomba mtupime kwa maswali mapya: Sheria ndogo ngapi zimeidhinishwa? Ngapi zinatumika? Nani ameumizwa nazo? Na tukiandika tena "ukame", tuulizeni nusu nyingine ya ukweli.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni maafa gani yamejirudia zaidi ya mara mbili katika kijiji chetu? Sehemu gani ni ya mvua au upepo, na sehemu gani ni yetu?

2. Je, mzee wa usharika akivunja sheria ndogo, tutasimama upande gani?

3. Katika kijiji chetu nani anafanana na yule mjane wa lambo? Atasemaje kabla sheria haijapitishwa?

4. Kabla ya robo ijayo, nani kati yetu ataenda kwa mtendaji, na siku gani? Andikeni jina na tarehe, mtutumie.

Tuombe: Ee Mungu Baba, wewe uliyemwagiza Musa juu ya ukingo wa dari, utupe kuogopa damu ya jirani kuliko gharama ya ukuta. Uwape viongozi wetu wa vijiji uaminifu, nasi utupe uvumilivu wa kukaa katika mikutano mirefu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.